Kuwarudisha samaki wanaohama kwenye mito yenye mabwawa na mabanio: mwongozo kwa kamati za maji za Moshi na Arusha

Samaki wakiadimika Kikuletwa na Ruvu, lawama zote huelekezwa Nyumba ya Mungu. Ni kweli bwawa lile, lililojengwa miaka ya 1960 na kufua umeme wa megawati 8, limeukata mfumo wa mto Pangani vipande viwili. Lakini mwongozo huu unaanzia juu zaidi, kwenye mabanio ya zege, yaani kuta fupi za kugeuzia maji kwenye mifereji, zenye kimo cha mita moja au moja na nusu, yaliyotapakaa kwenye mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru. Ukuta wa bwawa la umeme huwezi kuugusa. Banio la mfereji wenu ni la kwenu, na jumuiya ya watumia maji yenye fundi mzuri na kibali mkononi inaweza kulirekebisha katika kiangazi kimoja. Samaki aliyeko bwawani anayetaka kupanda kwenda kutaga hukutana na mabanio hayo, si na ule ukuta mkubwa.

Hatua ya kwanza: mjue samaki unayemtengenezea njia

Kambare husubiri mvua kubwa za mwanzo. Mto ukifura na maji kugeuka rangi ya chai ya maziwa, hupanda usiku kutafuta nyasi zilizofunikwa na maji, hutaga humo, na mayai hunata kwenye majani. Kwa joto la tambarare za Moshi huanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili. Kambare pia hupumua hewa na huweza kujiburuta kwenye tope lenye unyevu. Kwa hiyo mtu akikuambia "banio halina shida, mbona kambare wapo juu," usikubali haraka. Kambare kuwepo juu ya banio hakuthibitishi kwamba samaki wengine wanapita.

Kuyu ndiye kipimo kizuri zaidi. Huyu ana magamba makubwa na visharubu vifupi mdomoni, na hutaga kwenye changarawe safi ambapo maji yanakwenda kasi. Akizuiwa chini, kwenye tope na maji yaliyotulia, anaweza kuishi lakini hazai. Ukiona mto una kuyu wakubwa wachache na hakuna vifaranga kabisa, tatizo umeshalijua.

Mkunga wa mtoni anakwenda kinyume na wenzake. Huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mto akiwa mdogo kama sindano ya kushonea magunia, huishi miaka mingi kwenye maji baridi, kisha hushuka baharini kutaga mara moja na kufa. Anapopanda anaweza kukwea ukuta wenye unyevu na ukoga. Anaposhuka ameshakuwa mrefu, na mashine za umeme humkata.

Perege hahitaji sana njia ya kupandia banio. Dume huchimba kiota kwenye maji mafupi, jike hulea mayai mdomoni, na maisha yao yote yanaweza kuishia bwawani. Kinachomuumiza ni maji ya bwawa kushuka ghafla na kuviacha viota vikavu. Basi usimpelekee kijiji hadithi kwamba mkijenga njia ya samaki perege watajaa. Watakudai.

Hatua ya pili: tembea mto mzima

Anza pale kijito kinapoingia kwenye mto mkubwa au bwawani, panda nacho hadi juu. Mtembee wawili au watatu, mmoja wenu awe mzee anayekumbuka mto kabla ya zege. Kwa kila kizuizi andika mambo haya: tofauti ya kimo kati ya usawa wa maji ya juu na ya chini, kina cha dimbwi lililo chini yake, unene wa maji yanayopita juu ya zege, nani analitumia, na kama kuna kipande cha mto kinachokauka chini yake wakati wa kiangazi. Piga picha ukiwa umesimamisha rula au fimbo yenye alama. Usisahau makalavati ya barabara. Bomba la kalavati linaloning'inia sentimita 30 juu ya maji ni ukuta kamili kwa samaki wadogo.

Ukitaka kuona banio linavyozuia, nenda na tochi usiku wa pili au wa tatu wa mvua kubwa. Chini ya mabanio mengi fundi amemwaga sakafu ya zege ili maji yasichimbe msingi. Maji hupita pale yakiwa membamba, yanafika kwenye kifundo cha mguu tu, na yanakimbia. Utaona vifaranga vya kuyu vikijikusanya pembeni, vinarusha mwili hadi katikati ya sakafu, ubavu nje ya maji, kisha vinasukumwa nyuma. Vinarudia tena na tena. Kimo cha ukuta wenyewe hakijawahi hata kufikiwa. Kilichovishinda ni ile sakafu. Wakati mwingine kuinua maji juu ya sakafu kwa safu ya mawe makubwa upande wa chini ni nusu ya kazi yote.

Maporomoko ya asili yaache yalivyo. Samaki wa juu na wa chini ya poromoko wamezoea kuishi mbalimbali, na ukiwafungulia njia unaweza kumwingiza mgeni atakayewamaliza wenyeji. Hilo lina uzito huku kwetu, kwa sababu bonde la Pangani lina perege wake, perege wa Jipe, ambaye duniani hapatikani penginepo na yuko hatarini kutoweka.

Ukimaliza orodha, anza na vizuizi vya chini. Kurekebisha banio la tatu huku la kwanza limefunga ni fedha zilizotupwa. Isipokuwa kama la kwanza limevunjika lenyewe na mafuriko, jambo ambalo kwenye mito yetu hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Hatua ya tatu: hakikisha kuna maji

Hapa ndipo miradi mingi hufa. Njia nzuri ya samaki kwenye mto mkavu ni sanaa ya zege tu.

Pima mtiririko kwa njia rahisi. Chagua sehemu iliyonyooka, pima mita 10 kando ya mto, tupa chungwa katikati na hesabu sekunde. Tuseme limetumia sekunde 20: kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya chini huenda polepole zaidi, unapata 0.425. Kama upana ni mita 4 na wastani wa kina ni mita 0.4, eneo ni mita za mraba 1.6, na mtiririko ni karibu mita za ujazo 0.68 kwa sekunde, yaani lita 680. Rudia mwisho wa kiangazi, katikati ya masika na wakati wa vuli. Takwimu hizo tatu zina thamani kuliko hotuba yoyote utakayotoa kwenye kikao.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa ajili ya mazingira, na inaipa uzito baada ya matumizi ya nyumbani, kabla ya umwagiliaji. Wanaosimamia vibali vya maji huku ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Nendeni na vipimo vyenu, ombeni kuona kibali cha kila banio kinaruhusu kuchukua kiasi gani, halafu linganisheni na kinachochukuliwa. Usianze na ugomvi. Mara nyingi anayechukua zaidi ni mkulima ambaye mlango wake wa maji umeoza na haufungi.

Kwa wakulima, hoja yako kubwa ni majira. Kambare na kuyu hupanda mto ukijaa, wakati ambao mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, inafungwa kwa kuogopa kubomolewa na mafuriko. Samaki hamwombi mkulima maji ya Januari yanayookoa mahindi. Anaomba maji ya Aprili, na hasa ya usiku. Wazee wa mfongo wanajua zamu kuliko mtu yeyote. Waulizeni wao usiku upi mto unaweza kuachwa na maji yake. Wengine watakuambia walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani.

Hatua ya nne: chagua namna ya kupitisha samaki

Swali la kwanza: je, banio hili bado lina kazi? Lililoachwa, livunje. Hakuna njia ya samaki inayoshinda mto usio na ukuta. Marekani waliondoa mabwawa mawili ya mto Elwha kati ya 2011 na 2014, na samoni wakarudi sehemu walizokuwa wamezuiwa kwa karibu miaka mia moja. Kwenye mto Penobscot waliondoa Great Works mwaka 2012 na Veazie mwaka 2013, lakini wakaongeza uzalishaji kwenye mitambo mingine ya mto huohuo ili umeme usipungue. Hilo la pili ndilo la kujifunza: hakuna aliyeombwa abaki gizani. Hata banio dogo, livunje polepole wakati wa kiangazi, kwanza ukitoa tope lililokusanyika, vinginevyo utafukia mashamba na changarawe za kutagia zilizo chini.

Kama lina kazi, chaguo langu la kwanza ni mteremko wa mawe. Unapanga mawe makubwa kuanzia juu ya banio kushuka chini, ukijaza mianya kwa mawe madogo na changarawe, ili mto uonekane kama sehemu ya kawaida yenye kasi. Uwiano uwe 1 kwa 20 hadi 1 kwa 30: banio la mita 1.2 linahitaji mita 24 hadi 36. Hauhitaji fundi wa hesabu kali, hupitisha samaki wakubwa na wadogo, na mawe yapo. Ubaya wake ni kwamba unahitaji nafasi na mawe makubwa kweli. Mawe ya kubeba kwa mikono yatakutwa kwa jirani baada ya mvua ya kwanza.

Pakiwa pafinyu, jenga ngazi ya vidimbwi, ambayo nitaieleza kwa vipimo hapa chini. Kuna pia mfereji wa kuzunguka banio, mzuri pale kando ya mto pana ardhi, ila kumbuka katazo la shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mazungumzo na ofisi ya mazingira ya halmashauri yafanyike mapema. Ujenzi wowote ndani ya mto unahitaji idhini ya Bodi ya Bonde, hata wa mawe matupu.

Hatua ya tano: ngazi ya vidimbwi kwa vipimo

Kanuni moja inatawala kila kitu: kimo cha kila mdondoko, yaani tofauti ya usawa wa maji kati ya kidimbwi na kidimbwi, ndicho kinachoamua kasi ya maji. Maji yakidondoka sentimita 20 hufikia kasi ya karibu mita 2 kwa sekunde. Sentimita 10 hutoa mita 1.4. Sentimita 5 hutoa mita 1. Ngazi nyingi za Ulaya na Amerika zilibuniwa kwa ajili ya samoni, samaki mwenye nguvu na anayeruka. Ukinakili michoro hiyo hapa, kuyu wako wa sentimita 15 atatazama tu. Usizidishe sentimita 10.

Chukua banio la mita 1.2. Midondoko ni 12, hivyo unahitaji vidimbwi 11. Kila kidimbwi kiwe na urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha sentimita 60. Kwenye kila ukuta acha pengo la upana wa sentimita 25, kingo yake ya chini ikiwa sentimita 35 kutoka sakafuni, na toboa tundu la sentimita 15 kwa 15 chini kabisa kwa ajili ya samaki wanaotambaa sakafuni. Ngazi hiyo itapitisha lita 80 hivi kwa sekunde.

Sasa angalia msukosuko. Zidisha lita kwa sekunde kwa 9.81 na kwa kimo cha mdondoko kwa mita: 80 × 9.81 × 0.1 ni wati 78. Ujazo wa kidimbwi ni mita za ujazo 1.08, hivyo unapata karibu wati 73 kwa kila mita ya ujazo. Kwa samaki wadogo baki chini ya 100. Ikizidi, kidimbwi huwa povu tupu, na samaki hapati pa kupumzika. Fundi akishauri kupunguza urefu wa vidimbwi ili kuokoa saruji, mwonyeshe hesabu hii.

Sakafu usiisawazishe kwa mwiko. Zege likiwa bado bichi, chomeka mawe ya mto, nusu nje. Samaki wadogo hujificha nyuma yake wanapopanda.

Mlango wa kuingilia ndio moyo wa kazi. Samaki hufuata mkondo hadi sehemu ya mwisho anayoweza kufika, yaani chini kabisa ya ukuta. Mlango ukiwa mita 15 chini ya hapo, ataupita bila kuujua na kubaki akigonga zege. Uweke ubavuni mwa banio, upande ambao mto una mkondo mkuu, na maji yake yatoke kwa nguvu ya kusikika na samaki. Juu nako, mlango wa kutokea usiwe karibu na mdomo wa mfongo, la sivyo umempandisha samaki ili afie shambani.

Jengeni kuanzia Julai. Kazi ya zege mtoni iwe imekwisha kabla ya vuli.

Hatua ya sita: njia ya kushuka

Hapa watu husahau, na si wa hapa peke yao. Brazil walijenga ngazi nyingi zilizopandisha samaki vizuri hadi kwenye mabwawa makubwa, lakini mayai na vifaranga vilivyohitaji kuelea na mkondo kurudi chini vilizama kwenye maji yaliyotulia. Ngazi ikageuka mtego.

Kwetu mtego ni mfongo. Vifaranga vinavyoshuka hufuata maji, na maji mengi yanakwenda mashambani. Weka chujio la nondo au wavu mgumu kwenye mdomo wa mfereji, ukiwa umeulaza kwa pembe kuelekea mkondo wa mto ili uchafu na samaki vitelezeshwe kando, si kubandikwa. Kasi ya maji mbele yake isizidi nusu mita kwa sekunde. Kwa vifaranga, punguza zaidi. Ukiona linaziba kila siku, lipanue badala ya kuling'oa. Mfereji unapofungwa, ufungwe taratibu, na vijana wapite na ndoo kuwaokoa samaki waliobaki kwenye mashimo.

Hatua ya saba: mabwawa makubwa

Kwa Nyumba ya Mungu, na kwa mitambo ya Hale na Pangani iliyo chini zaidi karibu na maporomoko, kazi ya wananchi ni kuomba mambo yanayowezekana. La kwanza ni uendeshaji: milango ifunguliwe na kufungwa kwa hatua, kwa sababu maji yakikatwa ghafla samaki huachwa kwenye mchanga, na yakishuka ghafla bwawani viota vya perege hukauka. La pili ni mafuriko madogo ya makusudi wakati wa masika, yatakayofika kwenye vinamasi vya matete vya Kirua, chini ya Nyumba ya Mungu, ambako kambare walizoea kuzaa. La tatu ni maji ya kilindini mwa bwawa: yakitolewa yakiwa na harufu ya mayai viza hayana hewa, na huua.

Mkunga ana suluhisho lake. New Zealand hukamata mikunga wadogo wanaojikusanya chini ya kuta na kuwapeleka juu kwa gari. Kinachohitajika ni mteremko mwembamba wenye brashi ngumu au mkeka wa nyuzi uliolowanishwa, na pipa juu yake. Ila ukishawapandisha umejipa jukumu la kuwashusha wakiwa wakubwa bila kupita kwenye mashine. Bila hilo, usianze. Kusafirisha samaki hai pia kunahitaji idhini ya idara ya uvuvi.

Ngazi ndefu kwenye ukuta mkubwa siiamini sana. Thailand walijenga moja kwenye bwawa la Pak Mun, lililokamilika mwaka 1994, na samaki wa Mekong wengi hawakuweza kuitumia. Kilichosaidia baadaye ni kufungua milango ya bwawa kwa miezi kadhaa ya msimu wa uhamaji.

Hatua ya nane: nyavu na vifaranga vya kununua

Njia ikifunguka, wavuvi watajua kabla yako. Wekeni sheria ndogo ya kijiji: hakuna nyavu wala migono (mitego ya kusuka) mita kadhaa juu na chini ya banio, na hakuna uvuvi kabisa kwenye ngazi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyopo bwawani vishirikishwe, maana kokoro, wavu wa kukokota, linalozungushwa mdomoni mwa kijito Aprili linafuta kazi yote ya juu.

Atatokea mfadhili mwenye mifuko ya vifaranga vya sato, ndugu wa perege asiye wa bonde hili. Mshukuruni, mkatae. Sato akichanganyika na perege wa Jipe huzaliana naye, na mnayetaka kumwokoa huyeyuka ndani ya damu ya mgeni.

Hatua ya tisa: hesabuni, safisheni

Anzeni kuhesabu msimu mmoja kabla ya kujenga, juu na chini ya banio, kwa mgono uleule na usiku wa aina ileile. Andikeni aina, urefu kwa sentimita na hali ya maji. Baada ya kujenga, wekeni mgono kwenye mlango wa juu wa ngazi kwa usiku mmoja mmoja, kisha muuondoe na kuwaachia samaki waendelee.

Kinachotafutwa ni vifaranga vya kuyu juu ya banio mwaka unaofuata. Wakubwa wanaopita ni habari njema, lakini hawathibitishi kwamba wamezaa.

Baada ya kila mafuriko, ngazi itakuwa na magogo ya migomba, chupa za plastiki na mchanga. Aliyeajiriwa kufungua mlango wa mfongo apewe na reki ya ngazi, na malipo yake yaingizwe kwenye ada ya maji ya jumuiya tangu mwaka wa kwanza, kabla mfadhili hajaondoka. Pengo la sentimita 25 huzibwa na mgomba mmoja, na ngazi iliyozibwa usiku wa mvua ya kwanza imepoteza mwaka mzima.